Kinga ya Moto katika Majengo ya Zamani ya Voi na Taita Taveta

Mji wa Voi ulizaliwa na reli. Njia ya garimoshi kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichepusha tawi la kwenda Maktau na Taveta ili wapeleke askari na shehena mpakani kwa Wajerumani. Reli ilileta nyumba za wafanyakazi, maghala, na safu za maduka ya mawe na matofali yenye baraza mbele, ua nyuma, na paa moja la mabati lililowafunika wenye maduka wote. Milimani, misheni zilikuwa zimetangulia: Sagalla tangu 1883, Bura tangu 1892. Mashamba ya mkonge ya Mwatate, Voi na Taveta yakaongeza viwanda na ghala zake. Majengo mengi ya aina hii bado yanatumika. Hili ni duka, lile ni zahanati, jingine ni bweni au nyumba ya wageni wanaovunja safari kati ya Nairobi na Mombasa.

Kinga ya moto katika jengo la zamani ni marekebisho yanayofanyiwa jengo lililokwisha simama ili watu waweze kutoka salama, moto usivuke chumba ulikoanzia, na wazima moto wapate nafasi na maji ya kufanyia kazi. Jengo jipya hupangiwa hayo yote kwenye ramani kabla jiwe la kwanza halijawekwa. La zamani lina kuta zake, ngazi zake na wakazi wake, na fundi hulazimika kufanya kazi ndani ya mipaka ya alichokikuta.

Ni vizuri kuanza kwa kulitetea jengo lenyewe. Ukuta wa mawe au matofali wenye unene wa sentimita 30 huweza kuuzuia moto kwa saa kadhaa. Mlango wa mvule mzito nao hauwaki kama kiberiti: mbao nene huungua kwa kasi ya nusu milimita hadi milimita moja hivi kwa dakika, na tabaka la kaa linalojitengeneza juu yake hukinga kiini kisipate joto upesi. Chuma kitupu, ambacho wengi hukiona kuwa imara kuliko mti, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake joto likifika nyuzi 550 hivi, nacho hupinda na kuangusha paa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa zamani wa mbao ngumu na kuweka wa plaiwudi wenye uwazi ndani amejipunguzia kinga, hata kama mlango mpya unapendeza macho.

Hatari kubwa imo katika yale yaliyoongezwa baadaye. Chumba kilichokuwa kimoja kimegawanywa vinne kwa mbao laini. Dari imefunikwa kwa seloteksi, ikapakwa rangi ya mafuta, ikapakwa tena na tena hadi tabaka hazihesabiki. Magodoro ya sufi yamekuwa ya sponji. Nyaya zimeunganishwa juu ya nyaya. Madirisha yamewekwa vyuma kwa kuogopa wezi. Chumba chenye samani za sponji na plastiki huweza kuwaka chote kwa mkupuo mmoja ndani ya dakika 5 tangu mwali wa kwanza, na kabla ya hapo moshi umekwisha kufanya kazi yake. Sponji ikiungua hutoa kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni, gesi ambazo humlegeza mtu usingizini asijue hata kwamba anakufa.

Hali ya nchi huongeza makali. Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nyika kavu, na kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Mbao za paa zilizokaushwa na jua la miongo mingi chini ya mabati hushika moto upesi, na cheche huruka kutoka paa hadi paa.

Dari moja juu ya maduka kumi

Ingia katika duka la safu yoyote ya zamani, panda ngazi, sukuma kibao cha dari utazame. Mara nyingi utaona kwamba ukuta unaotenganisha duka hili na la jirani umeishia usawa wa dari. Juu yake ni uwazi mmoja mrefu, wenye mapao, viota vya ndege, vumbi na nyaya, unaoanzia duka la kwanza mpaka la mwisho. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo kasoro kuu ya majengo ya biashara ya zamani katika miji yetu midogo, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Moto ukitoboa dari ya duka moja huingia humo, hukimbia bila kuonekana, kisha hushuka katika duka la tano ilhali watu bado wanamwaga maji katika la kwanza.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. London ilipoungua mwaka 1666, sheria ya ujenzi iliyofuata mwaka 1667 iliagiza matofali badala ya mbao, na kuta nzito baina ya jirani na jirani. Katika safu ya maduka ya Voi au Taveta, maana yake ni kuinua ukuta wa katikati kwa matofali hadi ukutane na mabati, na ikiwezekana upite juu ya paa kwa sentimita 30 au zaidi. Mahali ambapo msingi au ukuta wa chini hauwezi kubeba uzito huo, fremu hufungwa mbao za jasi pande zote mbili. Jasi ina maji yaliyofungamana ndani yake, karibu moja ya tano ya uzito wake, na moto hauwezi kuivuka kabla ya kuyakausha maji hayo kwanza. Bamba moja la milimita 12 lililofungwa vyema huzuia moto kwa takriban nusu saa.

Kazi hiyo huharibika kwa uzembe wa mwisho. Fundi akiacha tundu pale waya au papi inapopita, moto utapita hapo hapo. Papi zinazovuka ukuta hukatwa na kuegemezwa kila upande, au huzungushiwa plasta nzito. Kila tundu hujazwa saruji au jasi, na fundi wa umeme atakayekuja mwaka ujao ataagizwa azibe atakapotoboa.

Gharama ya kuinua ukuta ni ya matofali, mifuko ya saruji na siku chache za mwashi. Ugumu ni kwamba ukuta ni wa wawili. Mwenye duka mmoja hawezi kujikinga peke yake dhidi ya dari ya safu nzima, kwa hiyo kikao cha wenye majengo huja kabla ya fundi. Wakianza na ukuta mmoja tu katikati ya safu ya maduka 10, wamekwisha kuigawa hasara nusu kwa nusu.

Njia ya kutoka

Wakenya wamejifunza somo la mlango kwa uchungu usiosemeka. Machi 1998, wasichana 26 walikufa bwenini katika shule ya Bombolulu, karibu na Mazeras, kando ya barabara hii hii inayopita Voi. Tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa katika Shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni la mbao na mabati. Bombolulu na Kyanguli zina jambo moja lililofanana: mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Watoto walikuwa hatua chache kutoka hewa safi, wakashindwa kuifikia.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja vipimo ambavyo kila mwalimu mkuu na kila mzazi anapaswa kuvijua kwa moyo. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Mlango uwe na upana wa futi 5 angalau na ufunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Katika shule za Taita Taveta zilizorithi majengo ya misheni au ya enzi za ukoloni, mabweni yalijengwa kabla ya vipimo hivyo, na swali ni namna ya kuyafikisha hapo bila kuyabomoa.

Njia rahisi ya kupata mlango wa tatu ni kulishusha dirisha. Linta iliyo juu ya dirisha tayari inaubeba ukuta, kwa hiyo fundi hubomoa sehemu iliyo chini ya kizingiti tu hadi sakafuni, huweka fremu, na hutundika mlango unaofunguka nje. Ukuta hautikisiki. Ikiwa dirisha ni jembamba, yashushwe mawili. Mlango huo uwe na komeo la kusukuma kutoka ndani, lisilohitaji ufunguo. Ufunguo uliotundikwa ukutani ndani ya kisanduku cha kioo hauonekani gizani katikati ya moshi, na ule ulio mfukoni mwa matroni huondoka pamoja naye.

Kwa nyumba za watu, vyuma vya madirisha ni suala gumu zaidi, maana wizi ni wa kweli na hofu ya wenye nyumba ni ya haki. Suluhisho ni kukata vyuma vya dirisha moja katika kila chumba cha kulala na kuvirudisha juu ya bawaba, vifungwe kwa komeo la ndani ambalo hata mtoto wa miaka 7 anaweza kulivuta. Mwizi aliye nje hafaidiki, aliye ndani anaokoka. Fundi wa kuchomelea yeyote pale Voi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu siku.

Kuna pia desturi ya mlinzi au kijana wa duka kulala ndani, mlango wa mbele ukifungwa kwa kufuli nje. Desturi hii ikomeshwe. Anayelala dukani awe na mlango wa uani anaoufungua mwenyewe, na ua wenyewe uwe na lango la kutokea barabarani, maana ua uliozungukwa na kuta ndefu ni mtego mwingine.

Nyumba za ghorofa zenye ngazi ya mbao zina tatizo lao. Chini ya ngazi ndipo huwekwa magunia, rangi iliyobaki, mitungi ya gesi na pikipiki ya mtu. Ngazi ndiyo njia pekee ya walio juu. Sehemu hiyo ibaki tupu, na uvungu wake upigwe mbao za jasi. Kitambua moshi kinachotumia betri kikipachikwa juu ya ngazi na katika kila ukumbi wa vyumba huwapa waliolala dakika mbili au tatu, na dakika hizo zinatosha kwa familia nzima kushuka.

Umeme uliochoka

Nyumba iliyowekewa umeme miaka ya 1950 ilitazamiwa kuwasha taa kadhaa na redio. Leo nyumba hiyo ina friji, pasi, televisheni, birika na chaja za simu. Hesabu yake si ngumu. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampia 8 na zaidi. Kifaa cha kupasha maji ya kuoga cha wati 5,000, ambacho watu wa Wundanyi wanakipenda kwa sababu ya baridi ya milimani, huvuta karibu ampia 21. Fyuzi ya taa ya zamani ilikuwa ya ampia 5. Joto katika waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Fyuzi ikikatika na mtu akaweka waya mnene badala yake, amemfunga mlinzi mikono.

Nyaya za zamani kabisa zilivikwa mpira, na mpira ukizeeka hukakamaa na kumomonyoka ukiguswa. Zilizofuata zimevikwa plastiki ambayo kwa kawaida hustahimili hadi nyuzi 70. Waya wa aina hiyo ukiwa juu ya dari ya Voi, chini ya mabati ya saa nane mchana, huwa umekwisha kula sehemu kubwa ya uvumilivu wake kabla haujabeba umeme wowote. Panya humalizia. Maungio yaliyolegea ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa huchemka polepole bila kukata fyuzi.

Hapa sipendekezi viraka. Nyumba ambayo nyaya zake zimepita umri wa miaka 40 ipigwe nyaya upya na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli: soketi kwa waya wa milimita mraba 2.5, taa kwa 1.5, kifaa cha kupasha maji kwa waya wake mnene na swichi yake, na yote yapite ndani ya mabomba ya plastiki. Sanduku la fyuzi libadilishwe kwa vikata umeme vinavyojizima vyenyewe, pamoja na kile kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini. Kuhusu ardhi, kuna jambo la kwetu: udongo mwekundu mkavu wa nyika ni kipitishi kibaya cha umeme. Fimbo ya ardhi iliyopimwa wakati wa masika inaweza isifae kitu Septemba. Fundi mzuri huizamisha zaidi, huongeza fimbo ya pili, na huipima tena wakati wa kiangazi.

Gesi, petroli na mkonge

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia mabondeni, kwa hiyo matundu ya hewa yaliyo juu karibu na dari hayaiondoi. Litobolewe tundu chini ya ukuta. Katika mikahawa ya zamani mtungi utolewe nje, usimame uani katika kivuli, gesi iingie kwa bomba la shaba. Mpira upimwe kwa povu la sabuni. Pikipiki isilazwe sebuleni wala ukumbini: tangi lake ni lita kadhaa za petroli kwenye njia ya watu kutokea.

Maghala ya mkonge yana tabia yao. Vumbi la nyuzi hukaa juu ya boriti kama ukungu, na cheche moja huweza kulisafirisha pazia zima la moto ukuta hadi ukuta. Robota lililoshika moto huonekana limezimika huku likifukuta ndani kwa saa nyingi, hata siku. Robota kama hilo hutolewa nje uwanjani na kufumuliwa; kulimwagia maji juu na kuliacha ghalani ni kuukaribisha moto wa pili.

Muda na maji

Kaunti ya Taita Taveta ina eneo la kilomita mraba 17,000 hivi, na zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kila kaunti jukumu la huduma za zimamoto. Hata kaunti ikiwa na magari bora, kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na barabara ya kupanda Wundanyi kutoka Mwatate ina kona ambazo gari lililojaa maji halizichezei. Chumba huweza kuwaka chote kwa dakika 5. Tofauti kati ya dakika hizo na muda wa safari ndiyo sababu ya kusisitiza kuta, milango na mafunzo ya wakazi wenyewe.

Maji nayo yanataka akili. Bomba kutoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa, lililokamilika mwaka 1957, linapita hapa, lakini mwenye jengo asiweke tumaini lake katika mfereji ambao huenda usiwe na maji siku hiyo. Mpira mmoja wa zimamoto unaotoa lita 500 kwa dakika humaliza tangi la lita 5,000 kwa dakika 10. Ujanja mzuri kwa shule, hospitali na nyumba za wageni ni kutoboa bomba la matumizi ya kila siku katikati ya tangi badala ya chini. Jikoni na bafuni maji yatakwisha tangi likiwa bado na nusu, na nusu hiyo, yenye bomba lake la chini na kiungio cha mpira wa zimamoto, ni ya moto peke yake. Ndoo za mchanga ziwe karibu na jiko. Vizimamoto vya poda au hewa ukaa viwekwe karibu na milango, ili anayekifuata kifaa awe ameelekea kutokea, na anayeshindwa atoke.

Sheria na urithi

Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007, zinazotumika chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo, zinawataka wenye sehemu za kazi wafanye ukaguzi wa moto kila mwaka na mazoezi ya kutoka angalau mara moja katika miezi 12. Duka, hoteli na shule vimo humo, viwe vipya au vikuukuu. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitumika kwa zaidi ya nusu karne hadi Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zilipochukua nafasi yake. Jengo lililotangazwa kuwa la urithi chini ya sheria ya makavazi ya 2006 haliguswi bila idhini, na ni haki liwe hivyo. Lakini idhini hiyo iombwe, isitumiwe kama kisingizio cha kukaa kimya. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yalikuwa urithi wa dunia tangu 2001, na paa lake la nyasi liliteketea usiku wa 16 Machi 2010. Ujenzi upya ulichukua zaidi ya miaka 10, na mara hii ukaja pamoja na mfumo wa kupambana na moto.

Mwenye jengo asiye na fedha za yote aanze na milango na vyuma vya madirisha, maana ndivyo vinavyookoa uhai mapema zaidi. Vitambua moshi vifuate, kisha umeme, kisha ukuta wa darini pamoja na jirani. Na wewe msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala, zima taa zote, uinuke kitandani, utembee gizani hadi nje ya nyumba yako. Pale mkono wako utakapokwama kwenye kufuli, hapo ndipo kesho pa kuanzia. Nambari za dharura ni 999 na 112. Wafundishe watoto wako.